Mama Mkwe Aliponiambia Nikanyage Mafuta

Mukama asiimwe, waitu! Bwana asifiwe, ndugu zetu! Wa kule nyuma sijawasikia. Mukama asiimwe! Haya, sasa tuko pamoja.

Ndugu zangu, niliomba dakika kumi, mzee wa kanisa amenipa tano, na mnavyonijua nitatumia kumi na tano. Mnisamehe mapema. Kifua changu kimejaa tangu Ijumaa na nikikaa kimya nitapasuka. Mimi ni Baba Kemilembe wa Miembeni, yule mwenye pikapu nyeupe ya dizeli na tela la bluu. Wengi wenu nimewabebea ndizi. Wengine nimewabebea saruji na makabati. Mmoja wenu, simtaji, nilimbebea mke wake aliporudi kwao na vyombo vyote, na wiki iliyofuata nikamrudisha na vyombo vilevile. Mungu ni mwema.

Nimesikia shuhuda nyingi katika kanisa hili. Kuna aliyefunguliwa kwenye pombe, kuna aliyefunguliwa kwenye waganga. Mimi nilikuwa nakaa pale kwenye benchi la besi, nasikiliza, nasema amina, na moyoni najiambia kwamba mimi sina cha kushuhudia, kwa sababu pombe sinywi na mganga simjui hata nyumba yake. Kumbe nilikuwa na ulevi wangu, na nilikuwa nauendesha barabarani mchana kweupe, nimewapakia watu.

Ulevi wangu uliitwa frii.

Ambao hamuendeshi magari niwaeleze kwa lugha nyepesi. Gari likiwa kwenye gia, injini na magurudumu vimeshikana. Ukishuka mlima na ukaondoa mguu kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanaizungusha injini, nayo injini inakataa kusukumwa. Inanguruma, inalivuta gari nyuma, na wewe breki unaigusa mara mojamoja tu. Gia ikiwa ndogo, injini inakataa zaidi. Lakini ukiondoa gia, ukaweka frii, umeachilia mkono uliokuwa umekushika. Gari linateleza lenyewe. Injini inanyamaza. Kilichobaki cha kukushika ni breki peke yake, na breki ni chuma kinachosugua chuma. Kinachoka kama kitu kingine chochote.

Frii nilijifunza nilipokuwa dereva wa kuajiriwa. Tajiri wangu alikuwa anapima dizeli kwenye tangi kwa kijiti, asubuhi na jioni, na kijiti kikionyesha chini kuliko alivyotaka, hasira yake mnaikuta getini. Basi nikajifunza kushuka milima ya Muleba bila gia. Kila mteremko niliupata bure. Tajiri akafurahi, akawaambia madereva wengine wanifuate mimi. Nikapata sifa, ndugu zangu, na sifa ni kitu kitamu. Nilipopata pikapu yangu mwenyewe sikuwa na tajiri wala kijiti, lakini ile tabia nilikuja nayo. Nikifika kileleni naondoa gia kwa vidole viwili tu, naegemea kiti, naanza kuimba besi. Wenzangu wakaniita Baba Frii, na mimi nikaitika.

Tena niseme na hili, maana nimeahidi kusema yote. Mwaka ule nilipokosa kazi, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kufika kwenye ibada ya jumuiya. Nilifika kabla ya mwenye nyumba hajatandika mkeka. Nilifunga, niliomba, nilishika kila mkono ulionyooshwa. Mungu akanipa pikapu. Na baada ya pikapu, jumuiya wakawa wananisubiri. Wakituma mtu kuniulizia, najibu niko njiani. Kweli nilikuwa njiani, lakini njia ya Muleba, naimba besi. Mlima nilipanda na Mungu, mteremko nikaushuka peke yangu.

Sasa nije kwa mama mkwe. Yuko humu ndani. Kiti cha tatu kutoka nyuma, upande wa akina mama, amevaa gauni la gomesi, la zambarau. Mnaona nimegeukia upande wa kwaya tangu nianze kusema. Sijakosa adabu kwenu, ninaogopa kumtazama.

Sisi Wahaya wa zamani tunajua, lakini wageni mliopo niwafahamishe. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono. Hawakai kiti kimoja. Mkikutana njiani, wewe mkwe unaingia migombani mpaka apite. Na kuongea uso kwa uso, hapana. Siku hizi vijana wanawapigia mama wakwe zao simu na kuwaita mami. Kwa mama mkwe wangu mimi, hilo halipo. Nimemwoa binti yake miaka kumi na sita na katika miaka hiyo hakuwahi kuniambia neno moja. Akitaka kunisalimia anamwambia mke wangu, mke wangu ananiambia mimi, mimi namjibu mke wangu, mke wangu anampelekea. Tukiwa tumeketi chumba kimoja! Na ni heshima, ndugu zangu, wala si ugomvi. Mama huyu hajawahi kurudi kwake kutoka nyumbani kwangu bila kuacha kitu.

Ijumaa ile nilikwenda kwake Muleba kumchukua. Mnajua leo Kemilembe wetu amepata kipaimara, yule pale mwenye gauni jeupe, mjukuu wake wa kwanza. Bibi akasema mjukuu hawezi kupata kipaimara halafu watu wale wali wa dukani. Akatoa mikungu arobaini kutoka kwenye kibanja chake cha migomba. Akatoa magunia mawili ya maharage. Akatoa kuni, zile kuni ngumu za kupikia sherehe, akisema kuni za mjini ni moshi mtupu. Akatoa na mbuzi. Mikungu, maharage na kuni nikapakia kwenye tela, mbuzi nikamfunga nyuma ya pikapu. Mke wangu akakaa mbele na mimi. Mama mkwe akakaa kiti cha nyuma, maana pikapu yangu ni ya milango minne, nyuma ya mke wangu, kioo changu kisimwone.

Lile tela, ndugu zangu, niliungiwa na fundi kutokana na ekseli ya gari kuukuu. Ni tela zuri, limenilisha. Lakini halina breki yake lenyewe. Uzito wote ule unategemea breki za pikapu. Hilo nililijua. Na fundi wangu alikuwa ameshaniambia mara mbili kwamba mafuta ya breki yamezeeka, yanataka kubadilishwa, nami nikamwambia nitakuja wiki ijayo.

Tukaondoka mchana, jua la saa nane. Mteremko mdogo wa kwanza, vidole viwili, frii. Injini ikanyamaza. Nyuma nikasikia sauti ya chini.

"Mama Kemilembe, mwambie mume wako gari limenyamaza."

Mke wangu akanigeukia. "Mama anasema gari limenyamaza."

"Mwambie mama limepumzika. Limefanya kazi tangu asubuhi."

Mke wangu akapeleka. Halafu, "Mwambie kwamba baba yako hakuwahi kulipumzisha lori mteremkoni. Alikuwa analipumzisha likishasimama."

Niwaeleze hapo. Marehemu baba mkwe wangu alikuwa dereva wa lori la kahawa. Mama mkwe alipanda lori lile miaka mingi akipeleka maharage yake sokoni Bukoba, amekaa kiti cha mbele, kando ya mume wake. Hakuwahi kushika usukani hata siku moja. Lakini masikio yalikuwepo! Miaka yote ile alikuwa anasikiliza. Mimi habari hizo nilikuwa nazijua, na nilizidharau. Nikamwambia mke wangu, "Mwambie mama yale yalikuwa malori ya zamani. Hii ni pikapu ya kisasa."

Mke wangu akanitazama. Akasema, "Hilo simpelekei." Na hakumpelekea.

Sasa mteremko wenyewe. Sitautaja jina kwa sababu wenye vibanda vya pale chini wameniomba nisiwatangaze. Ni mrefu, una kona tatu, na pale chini barabara inapita katikati ya gulio. Ijumaa ndiyo siku yao. Watu wanapanga mihogo, samaki, nguo za mitumba na mikeka mpaka kwenye ukingo wa lami. Mikungu yao inakaa palepale ambapo tairi linapita. Kila dereva wa njia hiyo analijua hilo gulio, na mimi nililijua kuliko wote.

Nikafika kileleni. Vidole viwili. Frii. Nikaanza kuimba.

Kona ya kwanza nikaiona inakuja haraka kuliko kawaida. Nikakanyaga breki, ikashika. Nikaachia, gari likaongeza mwendo. Nikakanyaga tena, ikashika kidogo. Tela lilikuwa linatusukuma. Nililisikia mgongoni, mikungu arobaini na kuni za bibi, zote zinataka kufika Bukoba kabla yangu. Tukaimaliza kona ya kwanza. Nikakanyaga breki nikaikandamiza bila kuachia, na hapo ndipo harufu ilipoingia ndani, harufu ya kitu kinachoungua. Mke wangu akasema, "Baba Kemilembe, ni nini hiyo?" Nilikuwa nimeacha kuimba.

Halafu breki ikalainika. Ndugu zangu, dereva yeyote humu anijibu, kuna kitu kinachotisha kama hicho? Unakanyaga, mguu unazama, hakuna kitu chini yake. Nikapampu mara tatu, mara nne. Nikavuta handbreki, ikalia kidogo, ikatoa moshi, ikanyamaza. Nikashika gia nitie namba tatu, ikakwaruza, krrrr, ikakataa. Nikajaribu tena, ikakataa. Injini imelala inazunguka polepole, magurudumu yanakimbia, haviwezi kushikana. Mshale wa mwendo ukapita themanini. Kona ya pili tukaipita nusu yetu tukiwa upande wa wenzetu, na Mungu alizuia lisije gari lolote kutoka chini. Mbuzi nyuma analia.

Na kutoka pale, ndugu zangu, gulio linaonekana lote. Niliona miavuli ya wauza samaki. Niliona mama mmoja amekaa mgongo kwetu, anapanga mihogo, na mtoto amembeba mgongoni. Nilimwona yule mtoto waziwazi, alikuwa na kofia nyekundu. Nikajua nakwenda kuua watu. Sikufikiria pikapu. Sikufikiria hata mke wangu. Niliwaza kwamba Jumapili Kemilembe atasimama mbele ya madhabahu na baba yake ni mwuaji.

Mnataka kujua kama niliomba? Sikuomba. Nisiwadanganye kanisani. Mtu aliyekuwa ameacha kuomba kwenye tambarare hapati maneno mteremkoni. Mke wangu ndiye aliyeomba, neno moja tu, "Mukama, Mukama, Mukama."

Na hapo mkono ukanishika bega.

Mkono wa mama mkwe! Bega langu! Na sauti, si ile ya chini niliyoizoea, ikaniingia sikioni moja kwa moja.

"Mkwe! Achia breki, haipo tena. Kanyaga mafuta!"

Miaka kumi na sita hajaniambia neno, na neno la kwanza ni hilo. Gari linakimbia kwenda kwenye watu, naye ananiambia nikanyage mafuta. Akili yangu yote ilikataa. Mguu wangu ulikuwa umegandamana na ile breki iliyokufa kwa sababu ndiyo kitu pekee nilichokijua.

"Iamshe injini ndipo gia iingie! Kanyaga mafuta, mkwe, utie nne!"

Nikatii. Ndugu zangu, sijui nguvu ya kutii ilitoka wapi, maana ni kama kumwambia mtu anayezama afungue mdomo. Nikaondoa mguu kwenye breki. Nikakanyaga mafuta mpaka chini, injini ikaamka, ikalia. Klachi. Namba nne. Ikaingia! Bila kukwaruza, ikaingia kama kisu kwenye ndizi mbivu. Nikaachia klachi na mafuta, na sote watatu tukarushwa mbele. Injini ikapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia, na gari likashikwa. Nilihisi limeshikwa! Tela likaanza kutikisa mkia, kushoto, kulia, nikataka kukata usukani.

"Shika hivyo hivyo, lijinyooshe lenyewe," akasema. Likajinyoosha.

"Sasa tatu. Mafuta tena kwanza."

Mafuta, klachi, tatu. Injini ikalia zaidi, mshale ukaanza kushuka. Sabini. Sitini. Kona ya tatu tukaipita upande wetu. "Mbili," akasema, na alisema kwa utulivu kama mtu anayeomba chumvi. Nikatia mbili. Pikapu ikatetemeka yote, nikadhani injini itatoka nje, lakini ikatushika. Arobaini. Thelathini. Tukaingia gulioni tukitembea kama mwendo wa baiskeli, injini inanguruma, moshi unatoka kwenye magurudumu, watu wanageuka kutazama. Nikatia namba moja, nikavuta handbreki, nikazima. Tukasimama.

Yule mama wa mihogo alikuwa hatua chache mbele ya bampa langu. Akainuka, akamrekebisha mtoto mgongoni, akatazama tela letu. Akasema, "Karibuni. Hiyo mikungu mnauza?"

Ndugu zangu, nililia. Niliweka kichwa kwenye usukani nikalia mbele ya gulio zima. Yule mama hakujua ni kwa nini. Mpaka leo hajui. Nikamnunulia mihogo yake ambayo hatukuihitaji.

Nilipoinua kichwa nikataka kugeuka nimshukuru mama mkwe. Mke wangu akanizuia kwa jicho. Kule nyuma mama alikuwa amejifunika kanga usoni, amegeukia dirishani. Alikuwa ameshtuka. Siyo kwa mteremko. Alishtuka kwa kuwa alikuwa amenishika bega na kuniita. Kisha nikasikia ile sauti ya chini, ya siku zote.

"Mama Kemilembe, mwambie mume wako aliache gari lipoe. Asiyamwagie maji magurudumu, vyuma vitapasuka."

"Mama anasema liache lipoe, usimwagie maji."

"Mwambie mama nimesikia," nikasema. Ndivyo nilivyosema. Nilikuwa na maneno mia moja na nikatoa hayo matatu.

Tukakaa pale mpaka jua likapungua makali. Breki zilipopoa zilirudi kidogo, lakini sikuziamini tena. Kabla hatujaondoka akatuma ujumbe wa mwisho, "Mwambie kwamba marehemu baba yako alikuwa akisema, gia uliyopandia ndiyo ya kushukia." Nikaenda hivyo mpaka Bukoba. Kila kilele nilisimama kwanza, nikatia namba mbili, ndipo nikaanza kushuka. Waliokuwa nyuma yetu walipiga honi sana. Mmoja akapita anauliza kama tunasindikiza maiti. Injini ikawa inanguruma njia nzima, na mimi ile kelele niliyokuwa naiona ni hasara, siku hiyo nilitamani isinyamaze.

Jumamosi asubuhi nikampelekea fundi gari. Akafungua magurudumu, akaniita nione. Pedi zimeungua zimekuwa kama mkaa. Mafuta ya breki yalichemka, ndiyo maana mguu ulizama. Akaniambia, dizeli ni injini nzuri lakini usidhani itakushika ukiwa namba tano, lazima uishushe gia ndogo, tena mapema, ukiwa bado juu. Ukishaanza kukimbia umechelewa. Nikamwambia hilo nimeshafundishwa. Akauliza na nani. Nikasema na mwanamke ambaye hajawahi kushika usukani. Akacheka. Sasa tela nimemwachia, analifungia breki zake, na halitoki pale mpaka amalize.

Kwa hiyo ushuhuda wangu ni huo, na nimeona dakika zimekwisha, mzee wa kanisa anatazama saa. Namalizia, mzee.

Mungu alinijibu wakati sikuwa nimemwita. Angeweza kutuma malaika, lakini naona malaika hajui gia, akamtuma mama mkwe. Na alichomtuma aniambie kilikuwa kitu ambacho moyo wangu usingekichagua kamwe, niachilie kile nilichokishika. Wako ndugu humu leo wanashuka. Mambo yamekuwa mepesi, watoto wamesoma, nyumba imeezekwa, na wameondoa gia kwa vidole viwili kama mimi. Kunanyamaza vizuri. Ndugu zangu, mkisikia kumenyamaza, ogopeni. Yule Mungu uliyempandia mlima, mshukie huyohuyo. Mimi nimerudi kwake, na jana jioni nimerudi kwenye jumuiya, mwenye nyumba akawa bado hajatandika mkeka. Anayetaka kurudi tuje pamoja, pikapu ina nafasi na breki ni mpya.

Nina jambo moja limebaki. Tangu Ijumaa nina deni la shukrani na sina njia ya kulilipa, kwa sababu kumwambia mwenyewe siruhusiwi. Basi nitafanya kama tunavyofanya nyumbani. Mama Kemilembe, simama, mke wangu. Usione aibu, ni kanisani. Mwambie mama kwamba mkwe wake anasema asante. Mwambie kwamba yule mtoto mwenye kofia nyekundu yuko hai, na mjukuu wake amepata kipaimara akiwa na baba. Mwambie kwamba nilisema pikapu ni ya kisasa na wewe hukumpelekea, mpelekee leo, na umwombee msamaha wangu.

Haya, anamwambia. Tusubiri.

Anasemaje? Sema kwa sauti, wasikie.

Anasema nimeongea sana, nikae chini. Amina, nakaa. Na nini? Rudia, Mama Kemilembe.

Anasema kesho nikimrudisha Muleba, yeye atakaa mbele.